Samaki wa Chupa, Kuvumwani ya Bahasha

Pale chuoni kila mtu alimwita Mama Chupa, ingawa hakuwahi kuzaa wala kuuza soda. Chupa zake zilikuwa za kioo kinene, nyingine pana kama ndoo, zimejaa spiriti, na ndani ya kila moja alilala mnyama: pweza, chura, nyoka wa shambani, popo aliyekunja mbawa kama mwavuli wa mtu aliyekwisha fika nyumbani. Zilikuwa mia mbili na sita. Kwa miaka thelathini na mbili kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna hata mmoja wao anayekauka.

Spiriti ina tabia ya kutoroka. Kaza mfuniko utakavyo, paka nta pembeni, bado itapata upenyo na kuondoka polepole, kama mgeni asiyependa kuaga. Kwa hiyo kila Jumatatu Mama Chupa alipita rafu kwa rafu, jagi mkononi. Palipopungua upana wa kidole, aliongeza. Alifuta kioo, akaigeuza chupa ili lebo itazame mbele, kisha akasema neno moja au mawili. Miaka ya kwanza alikuwa akijisemea. Baadaye, bila kujua ni lini hasa, akawa anasema nao.

"Watoto wameamkaje?" mlinzi wa lango alizoea kumwuliza asubuhi.

"Bado wamelala."

"Una bahati wewe. Wa kwangu wanaamka kabla ya jua, na wanataka chai."

Mama Chupa alicheka kila siku kwa sababu mlinzi naye aliyarudia kila siku, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake marefu kuliko yote mpaka saa sita mchana.

Kiumbe aliyempenda zaidi alikuwa ndani ya chupa namba themanini na nane. Alikuwa taa, yule samaki bapa kama sahani, mwenye mkia mrefu kama mjeledi na mwiba wa kumchoma anayemchokoza. Siku alipoletwa kutoka sokoni, ndani ya gunia lililolowa, mgongo wake ulikuwa umejaa madoa ya buluu, buluu ambayo Mama Chupa hakuiona tena popote, si kwenye kitambaa, si kwenye rangi ya ukuta. Alimtia kwenye spiriti kwa mikono yake mwenyewe. Haikupita wiki, buluu yote ikaisha. Siku hizi taa alikuwa na rangi ya karatasi ya zamani, na madoa yake yamebaki kama alama za glasi juu ya meza. Walioiona ile buluu na ambao bado waliikumbuka walikuwa watu wawili tu. Mmoja ni yeye. Wa pili alikuwa kaka yake.

Upande wa pili wa stoo kulikuwa na kabati la mbao lenye droo ndogo mia moja na ishirini. Hilo lilikuwa la kaka. Wenzao walimwita Bwana Bahasha, maana yeye alikuwa mtu wa mimea, tena si mimea ya maua ya kupendeza bali kuvumwani: vile vijani vidogo, laini kama sufi, vinavyotanda juu ya mawe yenye unyevu na kwenye nyufa za kuta. Alizikusanya, akazikausha, akaziweka kila moja kwenye bahasha aliyoikunja mwenyewe. Ndugu wawili, stoo moja, na amri mbili zinazopingana: huku kitu kisikauke, kule kitu kisilowe. Kwa miaka ishirini na moja walipishana katikati ya chumba, mmoja akinuka spiriti, mwingine akinuka vumbi, na hawakuwahi kugombania kitu ila dirisha, lifunguliwe au lifungwe.

Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na moja droo zile hazina kitu. Watu walikuwa wakirundika juu ya kabati viti vilivyovunjika mguu.

*

Jumatatu ya wiki yake ya mwisho kazini, mkuu wa idara alimwita ofisini. Mkuu huyo Mama Chupa alimfahamu tangu akiwa mwanafunzi. Ni Mama Chupa aliyemfundisha kubeba chupa bila kutetemeka.

"Mama, kaa. Ijumaa ndiyo unatuacha."

"Nawaachia funguo. Chupa zote zipo."

"Usiseme hivyo, nitalia bure. Sikiliza. Jengo jipya lina kabati moja la kioo pale mlangoni. Nataka liwe na vitu viwili tu. Cha kwanza, yule taa wako."

"Na cha pili?"

"Kuvumwani."

Mama Chupa alitazama mikono yake.

"Nataka mtu akiingia ajiulize, hivi samaki huyu na kijani hiki vimekutana wapi? Halafu asome kadi moja fupi: vinafanana wapi, vinatofautiana wapi. Na kadi uiandike wewe. Hati yako ndiyo nzuri, na stoo ile nani anaijua kama wewe?"

"Kuvumwani ziliisha, mwanangu. Unajua zilivyoisha."

"Daftari linasema imebaki moja." Mkuu alimgeuzia daftari. "Hii hapa, ya rangi ya fedha. 'Imetolewa kwa kuandikiwa lebo.' Haikurudishwa. Hukuiona?"

Alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye droo ya meza yake, chini ya rula na vifutio, kwa miaka yote kumi na moja. Mwandiko wa kaka ulikuwa kama kuku amepita na matope miguuni, kwa hiyo lebo zote za stoo ziliandikwa na dada. Asubuhi moja kaka alimwekea bahasha ile mezani, akasema, "Niandikie, nikirudi niikute," akaondoka na mkoba wake begani. Aliporudi hakuuliza habari za lebo.

"Iko kwangu," alisema.

"Basi Ijumaa, saa nne asubuhi. Na ukikwama upande wa mimea, si kaka yako yupo hapa hapa mjini?"

"Yupo," alisema Mama Chupa, akanyanyuka.

*

Aliishi chumba na sebule, ghorofa ya pili, juu ya fundi cherehani. Meza yake ilikuwa na viti viwili. Kimoja alikikalia yeye, kingine kilikaliwa na nguo za kupigwa pasi. Jioni ile, jua likiwa bado ukutani, aliondoa sahani, akaweka karatasi, akachora mstari katikati. Kushoto akaandika TAA. Kulia akaandika KUVUMWANI.

Kushoto kalamu ilikimbia. Taa hana mfupa hata mmoja. Mwili wake umejengwa kwa gegedu, kama sikio la mtu. Hulala bapa mchangani. Mdomo wake uko chini, kwa hiyo akijilaza huvuta maji ya kupumua kwa matundu mawili yaliyo nyuma ya macho. Huzaa watoto wachache, wakiwa hai, kila mmoja na mwiba wake. Akitolewa majini, hana muda.

Kulia aliandika, "Ni ya kijani." Halafu akakaa.

Cherehani ya chini ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma. Kwa miaka ishirini na moja kaka alimsimulia kuvumwani zake, na yeye alikuwa akiitikia "ehe, ehe" huku akihesabu chupa. Alijua kwamba kaka hukohoa kabla ya kutania. Alijua kwamba akikunja bahasha hutoa ncha ya ulimi. Lakini la kuvumwani, hata moja halikubaki kichwani.

Alichukua simu. Namba ya kaka ilikuwepo. Katika miaka ile kumi na moja walikuwa wamekutana kwenye mazishi matatu, wakapeana mikono kama makarani wa ofisi mbili, kila mmoja akarudi kwake. Na kwake kaka ni dakika arobaini kwa miguu.

Aliiweka simu chini. Si kwamba aliogopa kumwuliza kaka habari za kuvumwani. Kulikuwa na neno alilomwambia zamani, na neno hilo lilikuwa bado limesimama mlangoni. Hangeweza kupita bila kuligusa.

Watu walijua hivi: Jumamosi moja, kaka akiwa safarini kukusanya mimea, mvua kubwa ilinyesha, paa la stoo likavuja, hapakuwa na mtu, na bahasha zote zikaharibika. Ripoti ilisema hivyo. Ripoti hiyo aliiandika yeye, kwa hati nzuri.

Lakini alikuwepo. Jumamosi alizoea kwenda stoo kwa sababu nyumbani kimya kilizidi. Mvua ilipoanza, maji yalishuka kutoka darini kwa mstari mmoja, kama mtu anamimina kutoka kwenye birika. Miguu yake ilikimbia kabla ya akili. Alishika chupa ya kwanza kwa mikono miwili, akaipeleka ukumbini. Akarudi, ya pili. Akarudi. Alibeba chupa arobaini na tatu, akamfunika taa kwa sweta lake, akazifuta zote, akazipanga kwa namba. Alipomaliza, akihema, akiona fahari kama mtu aliyetoa watoto motoni, aligeuka na kuona maji yanaingia kwenye kabati la droo. Ndipo akili ilipomfikia. Samaki! Samaki waliofungiwa kwenye kioo alikuwa akiwaokoa wasilowe.

Alifuta kabati kwa nje, akasukuma droo zote ndani, akafunga, akaenda nyumbani. Hakumpigia kaka simu. Siku ya tano kaka alirudi. Alivuta droo ya kwanza, harufu ya ukungu ikajaa chumba. Akavuta ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho, bila haraka.

"Ulikuwepo?" aliuliza bila kugeuka.

"Sikuwepo."

Mwezi ule kaka aliomba kustaafu mapema.

*

Jumatano mchana Mama Chupa alijikaza kisabuni, akatia bahasha kwenye mkoba, akaenda. Aliyefungua mlango alikuwa wifi yake, unga mikononi.

"He! Wifi, ni wewe au ni picha yako?"

"Ni mimi, wifi."

"Basi ingia, usisimame hapo kama msoma mita. Nimekutunzia kaka yako mpaka ameota mvi masikioni, hata siku moja kuja kukagua mali yako?"

"Hajambo?"

"Atakuwaje na jambo, na yuko na wake wenzangu huko nyuma." Wifi alielekeza kidole kwenye uwanja mdogo wa nyuma. "Ukuta mzima kauacha uote kijani. Majirani wanadhani chokaa imetushinda. Nenda, lakini usiseme nimekwambia kitu."

Kaka alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya ukuta, chupa ya kunyunyizia maji mkononi. Alikuwa amekonda. Magoti yake yalichomoza kwenye suruali kama ya kijana anayerefuka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Hakugeuka. "Kaa. Siyo hapo, utaikanyaga."

Alikalia ndoo iliyopinduliwa. Alitoa bahasha, akampa. Kaka aliigeuza huku na huku, mahali pa lebo pakiwa peupe.

"Hujaandika."

"Sijaandika."

"Nilisema nikirudi niikute."

Alimweleza habari za kabati la kioo, na kadi, na Ijumaa. Alimsomea upande wa taa wote. Kaka alisikiliza, macho ukutani, akiitikia kwa kichwa penye gegedu, akiitikia tena penye matundu ya kupumulia.

"Umeandika vizuri. Na kulia?"

"'Ni ya kijani.'"

Kaka alikohoa. "Na hapo napo umekosea. Hii ni ya rangi ya fedha."

Hapo wangeweza kucheka, mambo yakaisha, naye angerudi nyumbani na kadi nzuri. Aliona kabisa njia hiyo ilivyo nyoofu.

"Kaka."

"Ehe."

"Siku ile ya mvua, nilikuwepo."

Chupa ya maji ilinyunyiza mara mbili, ikatulia.

"Najua," alisema kaka.

"Unajua?"

"Chupa arobaini na tatu ziko ukumbini, zimepangwa kwa namba, zimefutwa zinang'aa. Nani alizifuta, malaika? Na huyo malaika akasahau sweta lako juu ya taa?"

"Nilikuwa... nilikuwa naokoa samaki wasilowe."

Mabega ya kaka yalianza kutikisika. Dada alidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha chini kwa chini cha mtu asiyetaka kucheka, kisha kikapotea, akabaki ameshika magoti yake.

"Wasilowe," alirudia polepole.

"Kama ulijua, mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nilikuuliza. Ukanijibu."

Kutoka jikoni walisikia wifi anafunika sufuria. Kaka aliendelea, bila ukali, kama anamfundisha mwanafunzi mzito.

"Na kulowa hakukuziua, dada. Kuvumwani inalowa siku zote, ndiyo maisha yake. Ungezitandaza juani siku mbili zingerudi zilivyokuwa. Kilichoziua ni kufungiwa na maji ndani ya droo. Ungenipigia simu tu, ningekwambia."

Hilo hakulitegemea. Miaka yote alikuwa akiisikia mvua. Leo ndiyo kwanza alisikia droo zile zikifungwa, moja moja, kwa mkono wake. Alisema, "Nisamehe, kaka," na neno lilitoka dogo kuliko alivyolibeba njiani.

Kaka aligeukia jikoni. Aliita, "Mwenzangu! Kisahani!"

"Cha kulia au cha kuchezea?"

"Cha kuchezea."

Kisahani kililetwa. Kaka alifungua bahasha, ncha ya ulimi nje. Ndani palikuwa na kishungi kikavu, kidogo kama majivu ya sigara, rangi ya fedha iliyochakaa. Alikigawa kwa kibanio. Nusu aliirudisha kwenye bahasha. "Hii ya kabati la mkuu." Nusu nyingine aliiweka kwenye kisahani, akadondosha tone moja la maji.

Mama Chupa aliinama. Kwanza hakuona kitu. Halafu majivu yakajikunjua. Vijani visivyozidi unene wa uzi vikaachana kimoja baada ya kingine, vikanyooka, na chini ya ile fedha pakaonekana kivuli cha kijani.

"Imefufuka!"

"Imekunywa tu. Haina mizizi ya kunyonya, hunywa kwa mwili mzima. Hata ikiwa imekufa, itakunywa." Kaka alisogeza kisahani kwenye kivuli cha ukuta. "Kama ni hai, baada ya wiki kadhaa itatoa chipukizi jipya. Kama si hai, itaoza. Miaka kumi na moja ni mingi, hata kwake."

"Tutajuaje?"

"Mimi nitajua, nitakuwa naitazama." Alikohoa. "Wewe utajua ukija."

Halafu akamwambia aandike. Naye akaandika juu ya goti, safari hii akisikiliza kila neno.

*

Ijumaa saa nne mkuu wa idara alisimama mbele ya kabati la kioo. Ndani, taa alikuwa amelala kwenye spiriti mpya, na pembeni yake bahasha imefunguliwa, lebo yake imeandikwa. Mkuu alisoma kadi kwa sauti.

"'Huyu hana mfupa, na hii haina mzizi. Wote wawili huishi kwa kujilaza, mmoja mchangani, mwingine jiweni. Babu zao walikuwepo kabla dunia haijaona ua. Taa huishi ndani ya maji. Kuvumwani hii huishi hata kwenye ufa wa ukuta uliochomwa na jua, lakini nayo haiwezi kuzaa bila maji, maana mbegu ya kiume huogelea kuifuata ya kike. Taa akikauka, basi. Kuvumwani ikikauka, husubiri.' Mama, hii nzuri sana." Aliinama zaidi. "'Taa huyu alikuwa na madoa ya buluu. Walioyaona ni wawili.' Na huku chini: 'Kama iliyosubiri miaka kumi na moja yaweza kuishi tena, bado hatujajua.' Hatujajua, nyinyi nani?"

"Mimi na kaka."

Mkuu alipokea funguo.

Mama Chupa alibaki kidogo mbele ya kioo baada ya wengine kuondoka. Hakuwa na jagi wala kitambaa. Alimwambia taa neno moja, akatoka.

"Na watoto unamwachia nani?" mlinzi wa lango aliuliza.

"Wamelala," alisema. Mlinzi alimfungulia lango lote, kana kwamba anapita na gari.

Jumamosi ilikuwa ndefu. Fundi cherehani hakufungua, na chini kulikuwa kimya. Alipiga pasi nguo zote, akazipanga kabatini, na kiti cha pili kikabaki wazi. Hakujua akifanyie nini.

Jumapili alitembea zile dakika arobaini. Wifi alikuwa ametoka. Kaka alimfungulia, akatangulia kwenda nyuma, na dada akamfuata. Kisahani kilikuwa pale pale kivulini. Kishungi kilikuwa kimelala kwenye unyevu wake, kijivu, hakijaoza, hakijachipua.

"Bado," alisema kaka.

"Bado," alisema dada.

Ndoo ilikuwa imeshapinduliwa, tayari kukaliwa.